Bobi analamba pua kutwa: umeniuliza kitu kimoja, mimi nimeona viwili

Swali: Shikamoo daktari. Nina mbwa anaitwa Bobi, mchanganyiko wa jamani (German Shepherd) na wa kienyeji, ana miaka 4. Kama wiki tatu sasa analamba pua kila saa, hasa usiku na alfajiri, ulimi unatoka unazunguka pua anameza mate, halafu anaanza tena. Mara mbili katapika povu la njano asubuhi na nimemuona anakula majani. Chakula anakula vizuri tu, ugali na dagaa au mabaki, siku hizi mara moja saa saba mchana maana dada aliyekuwa anampa jioni kaondoka. Halafu mwanangu Junior, miaka 5, akimkumbatia Bobi analamba pua harakaharaka na kugeuza uso, Junior anasema anambusu. Jirani kanitisha kwamba inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Je, ni ugonjwa au ni tabia tu?

Jibu: Marahaba mama Junior. Pole na hizo alfajiri za kuamshwa, ile sauti ya ulimi usiku wa kimya naijua, ukishaanza kuisikia husikii kingine. Nakushukuru pia umeandika vitu vidogovidogo, saa ya chakula, rangi ya povu, anavyofanya kwa mtoto, maana wengi wananiandikia mstari mmoja tu "mbwa analamba pua nimpe dawa gani" na hapo sina pa kushika.

Nianze na jirani yako kwanza ili ulale. Hajakosea kuuliza, mbwa anayetoka mate sana na kuhangaika na mdomo kwetu huku lazima mtu awaze kichaa, ni sahihi kabisa kuwaza hivyo. Lakini kichaa kikishaanza kuonyesha dalili hakisubiri, mbwa anabadilika tabia, koo linalegea hawezi kumeza ndo maana mate yanamwagika, na ndani ya siku kama kumi huwa ameshakufa. Bobi wiki tatu anakula, anakunywa, anameza mate yake mwenyewe, anakutambua. Hiyo sio picha ya kichaa. Ila hujaniambia kama ana chanjo, na hilo nitalirudia huko chini maana lina uzito wake.

Sasa tuje kwenye pua. Mbwa kulamba pua peke yake sio ugonjwa, mbwa mzima kabisa anailamba mara nyingi sana kwa siku. Pua ya mbwa inatakiwa iwe na unyevu, kuna ute unatoka ndani na ulimi ndo unausambaza juu, harufu ikipita hewani inanasa kwenye ule unyevu kama vumbi linavyonasa kwenye kitambaa kibichi. Halafu ulimi ukirudi mdomoni unabeba ile harufu, na nyuma tu ya meno ya mbele juu kwenye kaakaa kuna kitundu kidogo kinachopeleka kwenye kiungo kingine cha kunusia, kinaitwa kiungo cha Jacobson kwa jina la Ludwig Jacobson, Mdenishi aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo mbwa akinusa nguzo iliyokojolewa na mbwa mwingine halafu akajilamba pua, pale bado anasoma, hajamaliza. Mwaka 2020 watafiti wa Sweden na Hungaria walionyesha hata kwamba ile pua baridi yenye unyevu inaweza kuhisi joto hafifu la kitu kilicho mbali kidogo, yaani ile ncha ya pua ni chombo cha kazi na ulimi ndo unaisafisha. Akishakula analamba, akinywa maji analamba, akisikia nyama inakaangwa analamba. Hapo muache.

Kinachonifanya nikae sawa kwenye kiti ni muda na vinavyoambatana nako. Mimi huwa siangalii ulimi sana, naangalia kilichotangulia sekunde chache kabla ya ulimi kutoka na kinachofuata baada. Na ukisoma maelezo yako kwa namna hiyo, Bobi analamba kwa aina mbili ambazo hazifanani kabisa. Kuna ya alfajiri na kuna ya Junior. Wewe umeziweka kwenye kapu moja.

Ya alfajiri kwanza. Analamba, anameza, analamba, anakula majani, anatapika povu la njano. Hiyo njano ni nyongo. Mama Junior, hicho ni kichefuchefu. Wewe mwenyewe ukumbuke ulivyokuwa na mimba ya Junior, kabla ya kutapika mdomo unajaa mate, unameza, unameza tena. Mbwa ni hivyohivyo, mate yanaongezeka ili yakitoka matapishi yenye asidi yasiunguze koo, na yeye hana kitambaa wala beseni, anayaramba na kuyameza na ulimi unapita puani. Wenye mbwa wengi hawajui kwamba mbwa anaweza kusikia kichefuchefu siku nyingi bila kutapika, wanasubiri matapishi ndo waamini kwamba tumbo lina shida, kumbe ulimi ulishasema muda mrefu. Huko Kanada chuo kikuu cha Montréal waliwahi kuchunguza mbwa 19 waliokuwa na tabia ya kulamba sakafu na kuta kupita kiasi, ambao watu wangesema wamechanganyikiwa tu, na 14 kati yao wakakutwa na matatizo ya tumbo na utumbo. Ilikuwa ni kulamba sakafu sio pua, sawa, lakini tangu taarifa ile itoke mwaka 2012 mimi mbwa akiletwa kwa kulambalamba chochote, tumbo nalianza mapema.

Na kwa Bobi sababu naiona karibu kabisa. Anakula saa saba mchana. Hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa kumi na sita, na hadi chakula kingine ni siku nzima. Tumbo likikaa tupu muda mrefu hivyo nyongo inarudi juu kutoka kwenye utumbo mwembamba, inachoma ukuta wa tumbo, anajisikia vibaya, anatapika povu, akishakula tena anapoa. Kuna mbwa wanavumilia mlo mmoja maisha yao yote na kuna wasioweza, na wiki tatu ulizozitaja hebu angalia kama haziendani na dada kuondoka. Mimi nahisi zinaendana.

Kwa hiyo cha kwanza usinunue dawa. Chukua chakula kilekile, kiasi kilekile cha siku, ukigawe mara tatu, asubuhi mapema kabla hujatoka, jioni ukirudi, na kipande kidogo saa nne usiku kabla ya kulala, hicho cha usiku ndo muhimu kuliko vyote hata kama ni tonge mbili. Dagaa waoshe chumvi na mchanga utoke. Mabaki ya mchuzi yaache kabisa kwa sasa, kwanza kitunguu ni sumu kwa mbwa, kinaharibu chembe nyekundu za damu, na mafuta mengi ya rosti yanaweza kuwasha kongosho, na kongosho likiwaka kichefuchefu chake sio cha mchezo. Maji yawepo usiku kucha. Fanya hivyo siku tano hadi saba na uandike kila alfajiri, kalamba, hajalamba, katapika, hajatapika. Ukiona imepungua nusu ndani ya siku tatu tuko njia sahihi.

Na naomba sana, usimpe panadol, usimpe brufen, usimpe diklofenak. Nalisema hili kila wiki na nitaendelea kulisema. Brufen na diklofenak zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na panadol inaumiza ini lake, unaweza kuwa unatibu kichefuchefu kidogo ukatengeneza kidonda kinachovuja damu. Hata zile dawa za asidi ambazo wewe unameza, zipo tunazotumia kwa mbwa lakini dozi inapangwa na anayemuona.

Lakini kabla hujaniamini kwenye hiyo ya njaa, lazima mdomo uangaliwe. Hili nililipia gharama. Mwaka wangu wa kwanza kazini kaletwa mbwa anayelamba pua na kumeza, nikamgusa tumbo, nikasikia mwenye mbwa anasema anatapika kidogo, nikatoa dawa za tumbo siku tano. Mdomo niliufungua nikachungulia haraka tu maana alikuwa anahangaika. Siku ya sita karudi, sasa anajipangusa uso kwa mguu wa mbele na mdomo unanuka, watu wa mtaani walikuwa wameshaanza kusema kichaa, mzee mmoja alitaka apigwe rungu. Tulivaa glovu, tukamlaza kwa sindano, na juu kabisa kwenye kaakaa, katikati ya magego ya kulia na ya kushoto, kulikuwa na kipande cha mfupa wa mbuzi kimekwama kama mtambaapanya wa paa, kimeshaanza kuzama kwenye nyama. Kukitoa ilichukua chini ya dakika moja. Siku tano yule mbwa aliteseka kwa sababu mimi sikuinua taa nikaangalia juu, na sijawahi kuruka kaakaa tena tangu siku ile.

Kwa Bobi, kama ana chanjo ya kichaa na ni mbwa anayekuzoea, unaweza kuanza wewe, akiwa ametulia, Junior hayupo karibu. Usianze kwa kupanua mdomo. Inua tu mdomo wa juu upande mmoja uone fizi na magego, halafu upande wa pili. Fizi ziwe na rangi ya pinki, ukibonyeza kwa kidole panakuwa peupe halafu rangi inarudi chini ya sekunde mbili. Nusa. Mdomo wa mbwa una harufu yake lakini harufu ya kuoza ni nyingine, utaijua. Gego lililopasuka, fizi nyekundu iliyovimba, uzi uliojizungusha chini ya ulimi, kitu kilichokaa kaakaani, vyote hivi vinafanya mbwa alambe. Ukiona kitu kimechomekeka usikivute, hasa uzi, maana huko ndani hujui umeshika wapi. Akikataa kuguswa acha hapo hapo, huko kukataa nako ni jibu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na kama hana chanjo usiingize mkono mdomoni kabisa.

Pua yenyewe iangalie pia. Chukua kijiko cha chuma kilichopoa, kiweke mbele ya pua yake, akipumua utaona ukungu wa pande mbili. Upande mmoja ukikosa ukungu, au kamasi linatoka upande mmoja tu, nawaza kitu kimeingia, mbegu ya nyasi mara nyingi, na huyo atakuwa anapiga chafya kwa nguvu pamoja na kulamba. Kamasi la pande zote mbili, jicho lina matongo, amezubaa, na hakumalizia chanjo za utotoni, hapo nawaza distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Pua ikianza kupoteza rangi nyeusi, ile ngozi yenye vipelevipele ikawa laini inang'aa au inatoka magamba, hilo ni tatizo la ngozi na kinga ya mwili, linahitaji vipimo.

Na damu puani, hata tone moja, usiipuuze. Kwetu huku mbwa akitoka damu puani bila kugongwa, cha kwanza nageuza masikio kutafuta kupe. Yule kupe wa kahawia anayejificha kwenye nyufa za banda anabeba kimelea kinaitwa Ehrlichia canis, kilijulikana mara ya kwanza Algeria mwaka 1935 na baadaye kikaua mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani kule Vietnam. Kinamaliza chembe za kugandisha damu, mbwa anakonda polepole, fizi zinakuwa nyeupe, siku moja damu inatoka tu puani na yeye anailamba, wewe unaona ulimi na damu huioni kwa sababu kashaimeza. Kinatibika kwa antibiotiki iitwayo doksisaiklini, kawaida siku 28, lakini watu wanaacha siku ya kumi wakiona mbwa kachangamka na ugonjwa unarudi. Bobi hujasema ana kupe, ila mpekue, katikati ya vidole na ndani ya masikio.

Ipo na ile ya nadra, kifafa kidogo, mbwa anakodoa macho sehemu moja, anatafuna hewa, analamba, ukimwita hageuki, inapita dakika moja au mbili halafu anarudi kuwa yeye. Kama alfajiri ukimwita Bobi anageuka na kukuangalia huku analamba, sio hiyo.

Sasa ya Junior, na hapa naomba usome taratibu hata kama una haraka.

Bobi hambusu Junior. Anamwomba amwachie. Mbwa akibanwa, akiinamiwa, akikumbatiwa shingoni, anatoa ulimi harakaharaka unagusa pua na kurudi, nusu sekunde tu, na anageuza uso pembeni. Turid Rugaas, mkufunzi wa mbwa wa Norway, alitumia miaka mingi kuzikusanya hizi ishara, na ukishazijua utaziona kila siku, kulamba pua, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza shingo, kuinua mguu mmoja wa mbele. Ndo njia yao ya kusema sitaki ugomvi, tupoe. Kwetu sisi kumkumbatia mtu ni upendo, kwa mbwa mikono juu ya shingo ni kukabwa. Wengine wanaizoea, wengine wanaivumilia tu, na Bobi kwa ulivyoeleza anavumilia.

Tofauti ya ulimi huu na ule wa alfajiri utaiona ukikaa chini uangalie. Wa alfajiri ni wa polepole, unajirudia, unafuatwa na kumeza, anafanya hata akiwa peke yake gizani. Wa Junior ni wa ghafla, mfupi, unaanza mkono ukimgusa na unaisha mkono ukitoka, na mwili unakuwa mgumu, masikio yanalala nyuma, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Ulimi asiposikilizwa anakaza mwili wote anabaki kama sanamu. Hapo asiposikilizwa ananguruma. Baada ya kunguruma kinachobaki ni meno. Na akinguruma tafadhali msimpige, najua nyumba nyingi mbwa akimngurumia mtoto anachapwa palepale, unachomfundisha ni kuruka ile hatua ya kunguruma, siku nyingine ataanza moja kwa moja kwenye meno na mtasema kang'ata bila onyo.

Mtoto wa miaka 5 akikumbatia mbwa, uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa. Nimeshaona uso wa mtoto ulioshonwa, na nyumba zote walisema hivyohivyo, siku zote wanacheza vizuri, mbwa hajawahi. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15.

Na ndo maana nimesema nimeona vitu viwili, kwa sababu vinakutana. Mbwa mwenye tumbo linalochoma subira yake inapungua. Bobi wa mwezi uliopita angemvumilia Junior dakika tano, Bobi mwenye kichefuchefu cha wiki tatu anaweza kuvumilia moja, na hakuna atakayejua imebaki nusu. Kwa hiyo kuanzia leo, sio kesho, hakuna kumkumbatia Bobi mpaka alfajiri zitulie. Junior mwambie Bobi anaumwa tumbo, watoto wanaelewa sana kuumwa tumbo. Wasiachwe peke yao wawili hata ukienda kuepua sufuria tu. Asimguse akiwa anakula, amelala, au ana mfupa.

Baadaye akipona mfundishe kumwita badala ya kumfuata. Junior akae, amwite, Bobi akija mwenyewe amkune kifuani au pembeni ya shingo, ahesabu moja mbili tatu halafu aache mkono. Bobi akisogea kuomba zaidi, anaendelea. Akikaa hapohapo au akalamba pua na kuangalia pembeni, basi imetosha. Nimewafundisha watoto wengi huu mchezo na wanaushika haraka kuliko baba zao, wanaanza kukukosoa wewe, "mama, kalamba pua, mwache".

Chanjo. Kama kadi ya Bobi huioni au mwaka umepita, peleka wiki hii, kwa daktari wa mifugo wa kata au kliniki yoyote iliyo karibu. Na ikitokea kang'ata, iwe Bobi au mbwa wa mtu mwingine, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili kwa kuangalia saa, halafu hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, msipake mafuta wala tumbaku, msisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Usisubiri zile siku saba zangu ukiona anatapika zaidi ya mara mbili kwa siku, matapishi au choo kina damu, amegoma kula, fizi zimepauka, au amelala hataki kuinuka. Na hii ishike kwa sababu ana damu ya jamani na hao wana kifua kirefu, tumbo likivimba likawa gumu kama ngoma, anajaribu kutapika hakitoki kitu ila mate, anazunguka hatulii, hiyo ni tumbo limejisokota, mchukue saa hiyohiyo hata ikiwa usiku wa manane, hapo tunahesabu saa sio siku.

Nitumie video mbili. Moja ya alfajiri, usimwashie taa ghafla, rekodi dakika nzima pamoja na sauti nisikie anavyomeza. Nyingine ya kaakaa lake kama ataruhusu. Ya Junior akimkumbatia usinirekodie, hiyo nimeshaielewa na sitaki irudiwe.